Mgonjwa Asiende Peke Yake
Somo juu ya Wainuit na matibabu ya mbali na nyumbani

Mwezi huu twataka kuwapeleka mbali sana, mpaka pande za kaskazini mwa dunia, kwenye nchi ya barafu, tupate kujifunza jambo moja lililo karibu nasi sote. Jambo lenyewe ni hili: mgonjwa akiondolewa kwao ili aponywe, ni nini kinachopaswa kwenda pamoja naye? Wengi watajibu upesi kwamba ni dawa na daktari. Ni kweli, pasipo hivyo hatapona. Walakini habari za Wainuit zatuonyesha ya kuwa dawa na daktari havitoshi. Watu hawa waliponywa vifua vyao, na wengi wao wakarudi kwao na kidonda kingine, ambacho hakuna chombo cha hospitali kilichoweza kukiona. Twawaomba walimu walisome somo hili kwa utulivu kabla ya kuwaeleza wengine, maana lina huzuni ndani yake, tena lina tumaini.

1. Watu wenyewe ni nani?

Wainuit ni wenyeji wa nchi zilizo kaskazini kabisa: Greenland, kaskazini ya Kanada, na sehemu za Alaska. Hapo kale wageni waliwaita Eskimo, lakini wengi wao hawalipendi jina hilo. Katika lugha yao Inuit maana yake ni watu, na mtu mmoja huitwa Inuk. Katika Kanada, kwa hesabu ya mwaka 2021, walikuwa watu 70,000 hivi. Nchi yao huko imegawanyika sehemu nne, na iliyo kubwa kupita zote ni Nunavut, ambayo ilipata serikali yake tarehe 1 Aprili 1999. Eneo lake ni kilometa za mraba milioni 2 hivi, na wakaao humo walihesabiwa mwaka 2021 kuwa 37,000 hivi tu. Wanakaa katika miji na vijiji 25, wala hakuna barabara itokayo kijiji kimoja hata kingine. Mtu husafiri kwa eropleni, na wakati bahari haijaganda, kwa chombo cha baharini.

Toka zamani chakula chao ni cha kuwinda na kuvua: samaki, nyangumi, paa wakubwa wa kaskazini, na sili, yaani mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi. Watoto wao huheshimiwa kwa majina. Mtoto azaliwapo hupewa jina la mtu aliyekufa, na watu humwita kama walivyokuwa wakimwita yule wa kwanza. Basi mama aweza kumwita mwanawe mchanga mama yangu, kwa kuwa mtoto huyo ana jina la bibi yake. Sisi tulio na desturi ya masomo na wajina tutalielewa jambo hili bila taabu. Tulikumbuke, maana tutalirudia.

Injili pia ilifika kwao zamani. Hans Egede, mchungaji wa Kilutheri kutoka Norwei, alishuka Greenland mwaka 1721, na mpaka leo watu wengi wa huko ni Walutheri. Wamoravia walijenga Nain, katika pwani ya Labrador, mwaka 1771. Ni kanisa lile lile lililofika Rungwe mwaka 1891. Lakini kweli lazima isemwe yote. Merikebu zilizoleta wageni zilileta na magonjwa yao. Mwaka 1918 merikebu ya misheni, jina lake Harmony, ilileta homa kali ya mafua katika Labrador. Katika kijiji cha Okak walikufa watu 204 kati ya 263. Hawakuidhuru kwa kukusudia, lakini waliokufa walikufa.

2. Merikebu iliyochukua wagonjwa

Ugonjwa ulioleta msiba mrefu kuliko yote ni kifua kikuu. Katika miaka ya 1940 na 1950 ulienea katika nchi ya Wainuit hata kukawa hakuna jamaa isiyoguswa. Serikali ya Kanada ikaona haina budi kufanya kitu. Hospitali za kaskazini zilikuwa chache na ndogo, nyingi za misheni. Shauri lililokatwa halikuwa kuwapelekea wagonjwa hospitali kubwa huko kwao. Ilikatwa kwamba wagonjwa wapelekwe kusini, kwenye hospitali zilizokwisha kujengwa.

Toka mwaka 1950 merikebu ya serikali iitwayo C.D. Howe ilizunguka pwani za mashariki kila kiangazi. Ndani yake walikuwamo madaktari, na chombo cha kupigia picha ya kifua. Ilipotia nanga, watu waliitwa wapande, wazee kwa watoto. Kila mmoja akapigwa picha, na picha ikasomwa palepale. Aliyeonekana mzima akashuka pwani. Aliyeonekana na ugonjwa mara nyingi hakuruhusiwa kushuka tena. Merikebu ilikuwa na haraka, kwa kuwa barafu haimngoji mtu, na wakubwa waliogopa ya kwamba mgonjwa akishuka atajificha.

Tufikiri maana yake. Mama amepanda asubuhi, na mtoto wake amebaki pwani na shangazi. Jioni merikebu yang'oa nanga na mama yumo ndani. Hakuaga, hakusema ni nani atakayemlea mtoto wala ni nani atakayemlisha mzee. Au mtoto mdogo ndiye aliyeonekana na ugonjwa, naye akaenda peke yake kati ya watu ambao hakuelewa neno lao hata moja. Wengine waliposikia merikebu yaja walikimbilia bara na kujificha, wala hatuwezi kuwashangaa.

Mwaka 1956 karibu mtu mmoja katika kila Wainuit saba wa Kanada alikuwa amelazwa hospitalini kusini. Walipelekwa Hamilton, Edmonton, mji wa Québec, Moose Factory na mahali pengine. Hospitali ya kifua kikuu ya Hamilton peke yake ilipokea Wainuit zaidi ya 1,200 katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Wengi walikaa miaka miwili au zaidi, maana siku zile matibabu yalikuwa ya polepole: dawa, kulala kitandani miezi mingi, na pengine kupasuliwa kifua.

Hatusemi ya kuwa kazi hiyo yote ilikuwa mbaya. Wengi walipona ambao wangalikufa. Madaktari na wauguzi wengi walifanya kazi kwa moyo safi, na wako wagonjwa waliowakumbuka kwa upendo maisha yao yote. Hamilton wagonjwa walichonga sanamu za mawe, sili na wawindaji wa kwao, na kazi ile iliwapa fedha kidogo na faraja. Tena ugonjwa wenyewe ulipungua sana. Hilo ni jema kubwa, nasi twalikiri. Lakini mtu aweza kutenda jema kwa njia iumizayo, na hapo ndipo penye somo letu.

3. Kidonda cha pili

Kwanza, lugha. Mtoto aliyeingia hospitali akiwa na miaka mitatu na kutoka akiwa na miaka sita alikuwa amekwisha kuisahau lugha ya mama yake. Alijua Kiingereza au Kifaransa. Alipofika kwao, mama alimkimbilia akilia kwa furaha, na mtoto akamtazama kama mgeni. Mama alisema, mtoto hakusikia. Mtoto aliomba chakula cha hospitali, na chakula hicho hakipatikani huko. Watu wazima nao walipata taabu. Daktari aliwapasua vifua pasipo kuweza kuwaeleza kwa nini. Wale waliojua kuandika waliandika barua kwa herufi za Kiinuktitut, herufi zilizoenezwa na wamisionari, na barua hizo zilisubiri eropleni au merikebu. Palipokosekana barua palikuwa kimya kabisa.

Pili, jina. Toka mwaka 1941 serikali iliwapa Wainuit namba, kwa kuwa makarani walishindwa kuandika majina yao. Kila mtu alipewa kisahani kidogo cha mviringo chenye namba, avae shingoni. Namba za mashariki zilianza na herufi E, na za magharibi na herufi W. Basi mtoto aliyeitwa kwa heshima jina la bibi yake aliingia hospitalini akiwa namba. Pengine karani mmoja aliandika jina kwa namna moja, wa pili kwa namna nyingine, na wa tatu akaandika namba tu na kuikosea tarakimu moja. Mgonjwa akipelekwa hospitali nyingine, habari zake zilipotea njiani. Mambo ya namba yalidumu mpaka miaka ya 1968 hadi 1971, Abe Okpik, aliye Inuk mwenyewe, alipozunguka kijiji kwa kijiji akiwauliza watu wachague majina ya jamaa zao yaandikwe.

Tatu, kifo. Wagonjwa waliokufa walizikwa kusini, na wengi wao makaburi yao hayakuwekwa hata jina. Mara nyingine habari iliwafikia jamaa kwa kuchelewa sana, na mara nyingine haikuwafikia kamwe. Mke alingoja mumewe kila kiangazi merikebu ilipoonekana. Watoto wakakua, wakazaa, nao hawajui kama baba amekufa au yu hai, na kama amekufa, alilala wapi. Kati yetu hakuna asiyejua jinsi lilivyo zito jambo la kutomzika mtu wako. Aliyezika amelia akanyamaza. Asiyezika hajui hata kama imempasa kulia.

Iko picha ya sinema ya mwaka 2008, iliyotengenezwa katika Kanada na Benoît Pilon, inayoeleza mambo haya vizuri kuliko hotuba. Ni hadithi iliyotungwa, lakini mambo yake ni kama yale yaliyotukia. Mwindaji jina lake Tivii aonekana na kifua kikuu mwaka 1952, achukuliwa na merikebu mpaka hospitali ya mji wa Québec. Huko hajui neno la mtu, na chakula kinamkataa. Akata tamaa, akataka kufa. Dawa anapewa, lakini hataki kuishi. Ndipo mwuguzi mmoja anatambua ugonjwa wake wa pili. Anafanya shauri aletwe katika hospitali hiyo mtoto yatima, Inuk, mgonjwa vilevile, aliyejua Kifaransa na Kiinuktitut. Mtoto anakuwa mkalimani wa mwindaji, na mwindaji anakuwa baba wa mtoto, akimfundisha mambo ya kwao. Toka siku hiyo Tivii aanza kula. Walimu, mkieleza somo hili, mweleze hadithi hii. Mwuguzi yule hakuongeza dawa hata tone moja. Alichomletea mgonjwa ni mtu wa kwao.

4. Kukiri na kutafuta

Miaka mingi ilipita kabla ya serikali kunena. Tarehe 8 Machi 2019 Waziri Mkuu wa Kanada, Justin Trudeau, alifika Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, akaomba radhi mbele ya Wainuit kwa ajili ya jinsi walivyotendewa katika matibabu ya kifua kikuu toka miaka ya 1940 mpaka miaka ya 1960. Waliokuwapo walikuwa wazee waliochukuliwa wangali watoto, na watoto wa wale wasiorudi.

Siku hiyo ilitangazwa kazi iitwayo Nanilavut, maana yake tuwatafute. Majina ya waliopelekwa kusini yamekusanywa kutoka vitabu vya hospitali, vya makanisa na vya makaburi, yapate kulinganishwa. Watu zaidi ya 4,500 waliandikwa katika orodha hiyo. Mtu aweza kuuliza habari za babu yake, akaonyeshwa mahali alipozikwa, na akasaidiwa kwenda huko. Ona jinsi namba iliyoandikwa vibaya mwaka 1955 ilivyokuwa kazi ya wajukuu zaidi ya miaka 60 baadaye. Hapa twasema neno moja kwa makarani wetu wa sharika, waandikao vitabu vya ubatizo na vya maziko: jina liandikwe lote, kwa herufi zilizo wazi, na mahali pa kaburi patajwe. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini siku moja mtu atakuja akilia, na faraja yake itakuwa mstari mmoja katika kitabu chako.

5. Hata leo safari haijakoma

Tusidhani ya kuwa mambo haya yamekwisha. Kijiji cha Nunavut kina nyumba ya matibabu yenye wauguzi, na daktari huja kwa zamu. Hospitali iko Iqaluit. Lakini mtoto mwenye ugonjwa wa moyo, au mwenye kansa, au aliyezaliwa kabla ya wakati, lazima apelekwe kusini. Wa upande wa mashariki huenda Ottawa, wa kati huenda Winnipeg, wa magharibi huenda Yellowknife na Edmonton. Toka Iqaluit mpaka Ottawa ni kilometa 2,100 hivi, na Iqaluit yenyewe ni mbali na vijiji vingine. Wainuit wa Nunavik, iliyo kaskazini ya jimbo la Quebec, hupelekwa Montréal.

Kifua kikuu nacho hakijaondoka. Nyumba ni chache na ghali, watu wasongamana ndani, na ugonjwa huo hupenda msongamano. Hesabu zilizotangazwa miaka michache iliyopita zilionyesha ya kuwa Wainuit walikuwa wakiugua kifua kikuu karibu mara 300 kuliko watu waliozaliwa Kanada wasio wenyeji wa asili. Mwaka 2018 serikali na wakuu wa Wainuit waliahidiana kuukomesha katika nchi yao kabla ya kwisha mwaka 2030.

Lakini tofauti na zamani ipo. Katika Ottawa iko nyumba iitwayo Larga Baffin, ambamo wagonjwa wa Nunavut na jamaa zao hukaa wakati wa matibabu. Karibu na Montréal, katika Dorval, iko nyumba iitwayo Ullivik kwa watu wa Nunavik, iliyofunguliwa mwaka 2016. Humo mgonjwa husikia lugha yake, hupata mkalimani wa kumfuata kwa daktari, na mara nyingine hula nyama au samaki wa kwao. Huenda mtu akauliza, nyama ya sili yaponya nini? Twajibu: muulize mgonjwa aliyekataa kula siku tatu, kisha akaletewa chakula cha mama yake.

6. Mkono wa kushika

Sasa twafika kwenye habari ambayo kwa sababu yake hasa tumeliandika somo hili. Katika jimbo la Quebec serikali ina eropleni za kuwachukua wagonjwa wa hatari kutoka Nunavik mpaka hospitali za kusini. Ni kazi njema, iliyookoa wengi. Lakini kwa miaka mingi ilikuwako desturi kwamba mtoto huchukuliwa, na mzazi haruhusiwi kupanda pamoja naye. Mzazi alipaswa kufuata kwa eropleni ya abiria, na labda akafika siku ya pili. Sababu zilizotolewa zilikuwa za nafasi, za usalama, na za kazi ya wauguzi ndani ya eropleni.

Tufikiri tena. Mtoto wa miaka miwili amevunjika mguu, au hawezi kupumua vema. Amefungwa kitandani. Mlango unafungwa, na mama amebaki nje katika theluji. Mtoto huamka Montréal kati ya taa na nyuso asizozijua, na wote wanaomsemesha husema Kifaransa au Kiingereza. Daktari ataka kujua kama mtoto ana ugonjwa mwingine, na dawa ipi humdhuru. Hakuna wa kumjibu. Ataka ruhusa ya kumpasua. Mwenye kutoa ruhusa yuko kilometa 1,500 nyuma. Basi hasara haikuwa ya moyo tu. Matibabu yenyewe yaliharibika kwa sababu mama hakuwapo.

Na wazee wa kijiji waliosimama uwanjani wakiiona eropleni ikiondoka na mtoto peke yake waliona nini? Waliona merikebu ile ya zamani.

Madaktari wa watoto wa Montréal, waliowaona watoto hao wakifika peke yao na kulia, ndio waliosema kwamba yatosha. Mwezi wa Januari 2018 walianza kutangaza habari hiyo waziwazi, na mwito wao waliuita Shika mkono wangu. Mmoja wao ni Samir Shaheen-Hussain, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya jambo hilo. Wakuu wa Wainuit, wauguzi na watu wengi waliungana nao. Haukupita mwaka. Mwezi wa Februari serikali ya jimbo ilikubali, na kiangazi cha mwaka ule ule wazazi walianza kupanda pamoja na watoto wao.

Tazameni ni kitu gani kilichoombwa. Hawakuomba hospitali mpya wala dawa ya ghali. Waliomba kiti kimoja. Sheria ile ilidumu miaka mingi, si kwa sababu watu walichukia watoto, bali kwa sababu hakuna aliyesimama kuuliza kama ni lazima iwe hivyo. Desturi mbaya haihitaji watu wabaya ili idumu. Wahitajika tu watu wema walionyamaza.

Mwaka huo wa 2018 serikali ya Kanada ilianza pia utaratibu kwamba mtoto Inuk akihitaji msaada wa afya, apewe kwanza, na mabishano ya nani atakayelipa yafuate nyuma. Asili ya utaratibu huo ni mtoto wa kabila lingine la wenyeji, Mkrii, jina lake Jordan River Anderson. Alikaa hospitalini zaidi ya miaka miwili bila haja, kwa kuwa serikali mbili zilibishana juu ya gharama za kumtunza nyumbani. Akafa mwaka 2005, ana miaka mitano, hajalala kwao hata usiku mmoja.

7. Matibabu yakienda nyumbani

Kumpeleka mama pamoja na mtoto ni vema. Lakini iko njia iliyo bora zaidi, nayo ni kuyaleta matibabu karibu, kadiri iwezekanavyo. Greenland mwaka 1954 ilijengwa hospitali kubwa ya kifua kikuu katika mji wa Nuuk. Wako waliopelekwa Denmark hata hivyo, lakini wengi walitibiwa katika nchi yao.

Mfano mwingine ni wa uzazi. Kwa miaka mingi wanawake wa Nunavik waliokaribia kuzaa walipelekwa kusini majuma kadhaa kabla ya siku yao, wakangoja peke yao na kuzaa kati ya wageni, na watoto wengine nyumbani walibaki pasipo mama. Wanawake wa Puvirnituq, katika pwani ya Hudson Bay, walikataa. Mwaka 1986 ilifunguliwa huko nyumba ya uzazi, na wanawake Wainuit wakafundishwa ukunga palepale, wakichanganya elimu ya hospitali na ya bibi zao. Baadaye zikafunguliwa nyumba za namna hiyo Inukjuak na Salluit. Mwenye hatari bado hupelekwa kusini, maana wakunga wenye hekima hujua mpaka wa kazi yao. Lakini wengi huzaa kwao, na jamaa wako mlangoni wakingoja kumpa mtoto jina.

8. Tujifunze nini?

Wazee wetu walisema, Mkono mmoja haulei mwana. Twaongeza kwamba mkono mmoja haumponyi mgonjwa vilevile. Mkono wa daktari ni wa lazima, na mtu asidhani tunaudharau. Lakini unahitaji mkono wa pili, wa mtu wake. Kwetu sisi ndugu humfuata mgonjwa hospitalini, humpikia, hulala ukumbini; na mara nyingine twaiona desturi hiyo kuwa taabu na fujo. Habari za Wainuit zatufundisha tusiidharau. Ni sehemu ya dawa.

Basi katika sharika zetu tufanye mambo manne. Mgonjwa akipelekwa mbali, tuulize ni nani anayekwenda pamoja naye, na kama hakuna, tumtafute. Akiwa mahali pa lugha ya kigeni, tutafute mtu wa lugha yake aliye karibu amtazame. Tupeleke habari za nyumbani kwake, na za kwake nyumbani, wala tusiache kimya kikae. Na wagonjwa wageni walio katika hospitali zilizo karibu nasi, waliotoka mbali na wasio na mtu, hao tuwahesabu kuwa wa kwetu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini wagonjwa wengi waliochukuliwa na merikebu hawakuruhusiwa kushuka na kuaga? Je, sababu hiyo yatosha?
2. Namba ilimwondolea mtoto Inuk kitu gani, zaidi ya jina?
3. Mwuguzi katika hadithi ya Tivii alitambua nini ambacho madaktari hawakukiona?
4. Iko desturi gani katika hospitali, shule au usharika wetu ambayo yaumiza watu, nasi hatujauliza kama ni lazima iwepo?
5. Ni nani katika usharika wetu aliye hospitalini leo mbali na kwao? Nani atakwenda kumtazama juma hili?

Swali la tano msilijibu kwa maneno tu. Liandikeni jina la mgonjwa, na chini yake jina la atakayekwenda.